Mbeleko ya Minyororo

Jana mmoja wenu aliniuliza, kwa adabu zake zote, kwa nini mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi hivi hakuwahi kununua chuma kipya. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Ni kweli, wanangu, sijawahi. Kila sanamu niliyotengeneza ilikuwa kitu kingine kwanza: jembe, pasi ya makaa, kifuniko cha pipa, gurudumu la toroli. Ukinipa bati jipya linalong'aa sijui hata pa kulishika.

Nyinyi mna mashine za kulehemu na miwani myeusi, nami nafurahi. Lakini kuna mambo madogo ambayo mikono yangu inayajua na mdomo wangu haujawahi kuyasema, kwa hiyo leo nitayasema. Nitaruka huku na huku. Msinirudishe nyuma.

Tuanze na kutu. Msiiogope, ikwaruzeni kwa msumari. Ukitoka unga mwekundu na chini yake chuma kinang'aa, chukua. Msumari ukizama, acha, hapo hakuna chuma tena. Halafu gonga. Chuma kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Springi ya lori usiipinde ikiwa baridi, itakurudia usoni. Mnaona kovu hili juu ya jicho, basi msihitaji la kwenu. Na waya wa kufungia uuchome mpaka uwe mwekundu, kisha uuzike kwenye majivu upoe wenyewe. Ukitoka hapo unalainika kama ukindu uliolowekwa.

Na kabla ya kuokota, uliza. Hilo nililijifunza kwa aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi, kwetu Kiogoro, nikaona ringi ya gurudumu la lori imelala kwenye nyasi chini ya mti. Nikasema Mungu amenikumbuka. Nikaivingirisha kupanda vilima viwili hadi nyumbani, mikono ikachubuka. Asubuhi ya Jumatatu watoto wa kijiji kizima walichelewa shule. Ile ringi ndiyo iliyokuwa kengele yao, na kamba yake ilikuwa imekatika Ijumaa. Mwalimu mkuu alikuja uani kwetu akiwa na saa yake mkononi, akanielekezea ile ringi kwa kidole. Niliivingirisha kuirudisha, na darasa la kwanza lote likinisindikiza kwa wimbo walioutunga papo hapo, wenye jina langu ndani. Tangu siku hiyo nikikuta kitu kimeanguka, nauliza kwanza kama kuna anayekitafuta.

Sikuanza na vyuma. Nilianza na vikapu. Nyanya yangu alinifundisha kusuka ekee, kile kikapu cha kuwekea ugali wa wimbi, na siku za soko nilivipeleka Daraja Mbili. Nilipanga vikapu vyangu kando ya kibanda cha mhunzi mmoja aliyeitwa Osoro. Alikuwa rika la baba yangu, mtu wa maneno machache, akitengeneza majembe, sufuria na taa za chemni. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na mwembamba, kwa ugonjwa uliompata utotoni, na alitembea akiegemea fimbo ya nondo. Jua liwake au mvua inyeshe, alivaa koti refu lililofika kwenye vifundo vya miguu. Watu wa sokoni walimwita Koti. Nilikaa karibu naye miaka miwili kabla sijaelewa lile koti lilikuwa la nini.

Siku moja mvua ilitufungia kibandani mwake. Sina la kufanya, nikaokota waya sakafuni nikasuka jogoo mdogo, kwa mkono ule ule wa vikapu. Osoro alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua plasi iliyovunjika, akaiweka kando ya jogoo.

"Mpe mdomo," akasema.

Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kuingia kazini. Vikapu viliendelea, lakini kila nilipomaliza kuuza niliingia kibandani. Alinifundisha kupiga ribiti za kuunganisha mabati, kuvuta mivukuto bila kupoteza makaa, na kutopenda kitu mapema. Hili la mwisho lilikuwa gumu. Nilikuwa naokota kipande cha mashine, nakipenda, kisha nalazimisha sanamu nzima ikifuate. Osoro alikuwa akikitoa polepole, anakirudisha kwenye rundo. "Huyu bado hajaitwa," anasema.

Aliyetuletea Wagiriki alikuwa Mwalimu Mwakio. Alitoka Taita, akifundisha historia katika shule ya sekondari iliyokuwa kwenye barabara ya kwenda Nyamira. Uhuru ulikuwa bado mpya, na shule ilikuwa na madirisha mengi kuliko vitabu. Alikuja kutengenezewa keria ya baiskeli yake, akamwona jogoo. Akauliza kama tunaweza kumtengenezea mbwa mwenye vichwa vitatu.

Osoro aliweka nyundo chini. "Alipatwa na nini?"

Ndipo Mwalimu akatusimulia habari za Kerbero, mbwa wa Wagiriki wa kale, aliyelinda mlango wa kuzimu ili wafu wasitoroke. Wanafunzi wake walikuwa wakisikia majina tu, akasema, hayana sura. Alitaka sanamu za kuweka uani mwa shule, mtoto apite, aguse, ajue.

Yule mbwa alinifundisha uzito. Nilimpa vichwa vya majembe yaliyolika, meno ya misumeno, shingo za minyororo. Alipendeza sana. Tulipomsimamisha alianguka kwa pua zake zote tatu. Nikampandisha, akaanguka tena. Osoro alikuwa amekaa anakunywa uji.

"Vichwa vitatu mbele," akasema. "Nyuma umeweka nini?"

"Mkia."

"Mkia wa nini?"

"Spoki."

Alirudi kwenye uji wake. Nilikwenda kwenye kiwanda cha kumenya kahawa, nikaomba, safari hii niliomba, gia nzito iliyovunjika meno. Nikaifungia nyuma na mbwa akasimama. Mpaka leo naanza na sehemu ambayo hakuna atakayeitazama.

Habari za mbwa zilifika kwa baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, mtu ambaye Ijumaa jua likielekea kuzama jembe lake lilikuwa limeshaoshwa. Alikuja Daraja Mbili kwa miguu, akasimama mlangoni pa kibanda akiwa na kofia mkononi. Nilimwita tata, maana kwa Kigusii baba ni tata. Neno "baba" kwetu ni mama, na hilo litamtatiza mtu baadaye, mtaona.

"Kerubo, hicho ni nini?"

"Ni mbwa, tata."

"Na nasikia vitafuata vingine. Miungu."

"Miungu ya hadithi, ya watu wa zamani."

"Amri ya pili unaijua: usijifanyie sanamu ya kuchonga."

Naijua. Niliisema mbele ya kanisa zima nikiwa na miaka sita, nikiwa nimevaa gauni aliloninunulia yeye. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba alinifundisha zile amri kumi jikoni, yeye akikoroga ugali.

Osoro ndiye aliyemjibu, bila kuinuka. "Mzee, karibu ukae. Uone kama kuna anayepiga magoti hapa. Mimi mwenyewe goti langu halikunji."

Baba hakucheka. Lakini alikaa. Alikaa karibu saa nzima akituangalia, kisha akasema hataniambia niache wala niendelee, mpaka aone mwisho wa jambo lenyewe. "Sihukumu kitu nusu," akasema. Alipoondoka, Osoro akanipa msasa nisugue kichwa cha kati cha mbwa. Ukiwa na hofu, sugua kitu. Nimewapa ushauri huo watu wengi.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu asubuhi.

Mwalimu Mwakio alirudi baada ya mavuno akiwa na hadithi nyingine. Alikuwa ameifikiria sana, nadhani, namna ya kuisimulia mbele ya Osoro, maana alianza mara mbili akaacha. Wagiriki, akasema, walikuwa na mungu wa wahunzi, jina lake Hefesto. Alitengeneza silaha za miungu wote, na viti vyao, na vikombe vyao. Naye alikuwa kiwete.

Nyundo ya Osoro ilinyamaza.

"Mungu wa kazi hii?" akauliza.

"Wa kazi hii hii."

"Kiwete."

"Ndiyo. Alizaliwa hivyo. Mama yake, Hera, malkia wa miungu, alipoona miguu ya mtoto alimwonea aibu, akamtupa kutoka mbinguni. Akaanguka baharini. Wanawake wa baharini ndio waliomlea."

Osoro aligeukia moto wake. Alivuta mivukuto ingawa hakukuwa na chuma ndani. Nilidhani amekasirika, na Mwalimu naye alidhani hivyo, maana alianza kuomba radhi.

"Yule mama alikosea," Osoro akasema mwishowe. "Mimi, baba alinibeba mgongoni mpaka nikafika miaka minane. Alinipeleka hospitali ya misheni kwa miguu, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Sijui mara ngapi."

"Baba yako alikubeba mgongoni?" Mwalimu akashangaa.

"Si tata. Baba. Mama yangu." Alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgeni. "Watu walimwambia amwache huyu, azae mwingine. Alikuwa akipita hapo walipo, nami mgongoni, mguu huu ukining'inia nje ya mbeleko watu wauone. Hakuufunika. Mimi ndiye nilikuja kuufunika, nilipokuwa mkubwa."

Mvua ilikuwa inanyesha kidogo juu ya mabati. Mwalimu alivua miwani yake akaifuta, kisha akaivaa, kisha akaivua tena.

"Basi tutengeneze hivyo," nikasema mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Tumtengeneze Hefesto akiwa mgongoni kwa mama yake."

"Hadithi haiko hivyo," Mwalimu akasema.

"Wagiriki hawapo hapa," Osoro akamjibu.

Mwalimu alifikiri, akasema wanafunzi watawekewa zote mbili. Ya kale ataisema yeye darasani, ya kwetu itakuwa uani.

Kazi ile ilituchukua miezi. Tuligawana: Osoro alitengeneza mtoto, mimi mama, kwa sababu mama alikuwa wa kusuka. Mbavu zake zilikuwa spoki, na juu yake nilisuka waya mzunguko baada ya mzunguko, kama ekee, nikianzia kiunoni. Mgongo ulikuwa karai lililotoboka. Uso nilishindwa mara nne, nikauacha bila macho, nikauinamisha tu kama mtu anayeangalia njia yenye utelezi. Mtoto alikuwa na kifua cha kifuniko cha pipa na mikono ya makoleo, maana hata angali mgongoni alikuwa mhunzi. Na mbeleko ilikuwa minyororo ya baiskeli kumi na minne, niliyoichemsha kwa majivu kutoa mafuta, kisha nikaipitisha mmoja chini ya mwingine mpaka ikalala kama kitambaa.

Mguu mmoja, ule mzima, Osoro aliupiga kwa siku moja, akauweka kando. Wa pili hakuugusa. Wiki zikapita. Kila nikiuliza anasema makaa hayajafika, na makaa yapo pale pale nje.

Halafu asubuhi moja, kabla soko halijajaa, alinikuta nikifagia. Alikaa kwenye sanduku lake la zana, akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka kando. Akapandisha suruali mpaka juu ya goti.

"Siwezi kuutengeneza," akasema. "Sijawahi kuutazama vizuri. Upime wewe."

Nilichukua waya laini, ule wa kutoka kwenye majivu. Niliuzungusha kwenye kifundo cha mguu, kwenye muundi, kwenye goti, nikiweka alama kwa kucha. Ulikuwa mwembamba kama mkono wangu na ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto, maana haikuwahi kuona jua. Yeye alikuwa anaangalia mlango. Nilipofika kwenye wayo, uliokuwa umegeukia ndani, alishusha pumzi.

"Nimekuumiza?"

"La. Ni kwamba tangu baba aache kunibeba, hakuna mtu ameushika."

Nilimaliza kupima taratibu kuliko ilivyohitajika. Mkipima mtu, wanangu, msiwe na haraka. Kisha akashusha suruali, akainuka, akaanza kazi. Koti alilivaa mchana, mvua ilipokuja, akalivua ilipokwisha.

Mguu niliusuka mwenyewe kwa waya ule ule niliopimia, nikaifunga yote miwili kwa mtoto, huu ukining'inia nje ya mbeleko. Nilijivuna siku tatu.

Sanamu ilisafiri kwenda shuleni kwa lori la ndizi. Mama wa waya alilazwa juu ya mikungu, na kila lori liliporuka nilikuwa namshika kichwa kama mgonjwa. Baba yangu alikuja pia. Alikuwa ameniambia jioni iliyotangulia, bila maelezo, kwamba Jumapili hana kazi. Alikaa mbele na dereva, akiwa amevaa koti lake la Sabato.

Uani mwa shule walikuwepo wanafunzi, wazazi, na wanakijiji waliosikia kuna mbwa wa vichwa vitatu. Mbwa alipendwa sana. Lakini walipofika kwa mama na mtoto, watu walizungumza kwa sauti ya chini. Wanawake wawili walizunguka nyuma kuangalia jinsi mbeleko ilivyofungwa, wakabishana kama fundo lile lingeshika.

Mama yake Osoro aliletwa na majirani. Nyumba yake haikuwa mbali, mwendo wa nusu saa. Nilikuwa sijawahi kumwona. Omong'ina Bosibori, yaani Bibi Bosibori kwa heshima ya kwetu, alikuwa mdogo wa umbo, amepinda, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Osoro alisimama mbali, karibu na ukuta, akishika nondo yake kwa mikono miwili. Hakuweza kusogea. Mimi pia nilibaki nimesimama kama mti.

Aliyemwendea ni baba yangu. Alivua kofia, akamsalimia kwa heshima, akamshika mkono, akamwongoza katikati ya watu mpaka mbele ya sanamu. Akauchukua mkono wake akauweka kwenye bega la waya.

"Hapa, mama," akasema. "Anza hapa."

Yule bibi alianza. Vidole vyake vilipita usoni, vikashuka shingoni, vikafuata minyororo ya mbeleko mmoja mmoja. Vikafika kwa mtoto. Aligusa kichwa, akagusa makoleo, akatabasamu kidogo. Kisha akaufikia ule mguu. Aliushika kwa kiganja kizima, kama mtu anayejua uzito wake tangu zamani. Akatulia. Akaupapasa tena, akatafuta ule mwingine, akarudi kwenye huu. Uso wake ukabadilika.

"Huyu si wangu," akasema. "Wa Osoro ni mguu wa kushoto."

Nilitazama, na ilikuwa kweli. Nilipompima tulikuwa tumekaa uso kwa uso, na mguu wake wa kushoto ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Niliukumbuka kwa mkono wangu, nikaufunga kulia. Siku zote zile sikuona. Niligeuka kumtafuta Osoro.

"Nilijua," akaniambia kwa sauti ndogo. "Tangu siku ile ulipoufunga. Ulikuwa unaimba, sikutaka kukukatiza."

Bibi alikuwa bado ameushika mguu. Mkono wake mwingine ulipanda tena kwenye mbeleko, ukaingia chini ya minyororo, ukaivuta kwa nguvu, kama mama anavyojaribu fundo kabla ya kuanza safari. Haikulegea. Akaivuta tena.

"Basi ni wa mwenzangu mwingine," akasema. "Lakini amemfunga vizuri."

Osoro alitoka ukutani. Alitembea mpaka pale bila kuficha mwendo wake, watu wakampisha, akasimama kando ya mama yake akamwita, "Baba." Naye bila kugeuka akamshika mkono.

Baba yangu hakuniambia neno juu ya amri ya pili, siku ile wala baadaye. Ila wiki iliyofuata nilikuta jembe lake la zamani, lililolika mpaka likawa kama kijiko, limewekwa mlangoni pangu. Nikamuuliza kama limeanguka au amelitupa. Akasema nilichukue tu.

Mwaka wa sabini na kitu tulipata mashine ya kwanza ya kulehemu mjini Kisii, nikatoboa nayo vitu vingi vizuri, hayo nitawaambia nikiwa na nguvu. Watu wengi walinishauri niirudie ile sanamu, niuhamishe mguu. Mwalimu Mwakio mwenyewe alitaka. Nilimuuliza Osoro, akasema ukimfungua mtoto yule utamwamsha.

Jioni ya siku ile shuleni, chai ilipokwisha, bibi alikuwa amechoka na njia ya kwao ina kilima. Mwalimu alitoa baiskeli yake. Tulitandika koti la Osoro kwenye keria, ile keria aliyoitengeneza mwenyewe, tukampandisha mama yake akae upande, mikono kwenye tandiko. Osoro alishika usukani, akaacha nondo yake kwangu, maana baiskeli ilimtosha kuegemea. Wakaanza kupanda polepole, yeye akichechemea, magurudumu yakilia.

"Punguza mwendo," nilimsikia yule bibi akisema.

"Baba, mimi ndiye kiwete hapa."

"Punguza. Nimeshiba chai."

Akapunguza.